Yohana kavua kofia ukweni

Jumapili usiku, Heru Juu

Na wamekubali posa yetu. Mwanangu Yohana kapata upara mapema, akaogopa wakwe watasema hana uzazi. Daktari alishatuambia ni urithi na homoni za kiume, uzazi hauguswi, ila apime sukari na presha.

Leo ukweni ikaletwa pombe ya ndizi, na kwetu hainywewi kofia ikiwa kichwani. Yohana akaganda. Nikavua yangu kwanza.

“Upara huu ninao tangu ujana, na watoto tisa.”

Bibi wa binti tunayemposa akacheka. “Vua, mkwe. Wajukuu tutawatambua kwa mbali.”

Kavua.

Kesho na mimi napima presha, ingawa sitaki. Nimeshajisifu, lazima niwaone hao wajukuu.