Kiganja cha Ngano Mlangoni mwa Kanisa

Ermoupoli, Siros
12 Machi 1945

Shemeji yangu mpendwa Iakovos,

Hujambo huko uliko? Kifua je, au ukungu wa London umekurudishia kile kikohozi chako cha kila Kwaresma? Vaa soksi za sufu, usijifanye kijana. Sisi huku tu wazima, na safari hii sisemi hivyo ili kukutuliza moyo, ni wazima kweli. Mama anakwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, anapanda ngazi zote, na akifika juu anawagombeza wanaopumzika njiani. Anthoula ameota meno ya mbele, na anavyokula, haki ya Mungu naona haya tukialikwa kwa watu. Anamsalimu baba mdogo wake asiyemkumbuka.

Barua yako ya Januari tuliipata salama, ahsante sana. Niliisoma kwa sauti, Mama akalia, akacheka, akaniambia nianze upya. Lakini kuna mahali nilipapita kimyakimya asisikie. Ni pale ulipoandika kwamba huna uso wa kurudi Siros, kwa sababu meli za ngano zilifika tulipokuwa tumeshamzika mume wangu Stamatis. Shemeji, maneno hayo yameniudhi! Unanijua nilivyo mwepesi wa hasira, kwa hiyo nimengoja zishuke kidogo ndipo nikashika kalamu.

Sitakuficha kitu. Majira yale ya baridi ya kwanza baada ya adui kuingia tuliwalaani wote, hatukubagua. Waitaliano walituchukulia mafuta na maharage. Waingereza nao, marafiki zetu, waliziba bahari ili adui asipate chakula, tukakosa na sisi. Maadui wametufungia mlango kwa ndani na marafiki wametufungia kwa nje, ndivyo nilivyokuwa nikisema kisimani, na hakuna aliyenibishia. Mumewe Garifalia, yule jirani yetu wa ng'ambo ya ngazi, aliketi kizingitini kuota jua na hakuinuka tena.

Stamatis alikuwa akimpa Anthoula fungu lake. Nikimuuliza, anasema ameshakula kazini. Kazini kwa watengeneza ngozi, mtu atakula nini? Ngozi? Nilijua anadanganya, naye alijua ninajua. Alitutoka mwezi wa Februari. Na kama hilo ndilo linalokukosesha usingizi, basi sikia: hakukulaani hata siku moja. Alikutaja kwa kucheka tu. "Iakovos yuko huko anawachosha Waingereza kwa maneno," alikuwa akisema. "Unamjua. Akianza, hawalali mpaka wakubali."

Wakakubali. Msimu wa vuli uliofuata ngano ya Kanada ikaja kwa meli nyeupe za Waswidi mpaka bandari ya Pireo, na kutoka huko ikaletwa kwetu kwa mashua. Alikuja nayo Bwana Hallgren, Mswidi mrefu, mpole, mwenye Kigiriki cha kubabaika. Alisimama uwanjani na Padri Fanourios akatusomea sharti la hao wakubwa wa London na Washington: ngano hii ni ya Wagiriki peke yao. Punje ikiingia mkononi mwa askari wa adui, bahari itafungwa tena. Sote tuliapa. Mama yako aliapa kwa sauti kuliko wote.

Basi ikaja Jumamosi ya Marehemu. Wewe mwenyewe unajua, Stamatis alizikwa bila koliva, ile ngano ya kuwaombea wafu. Arobaini ikapita, mwaka ukapita, hakuna aliyemchemshia ngano, kwani ingetoka wapi? Mama akaanza kupunguza fungu lake kidogo kidogo na kuficha kwenye mtungi. Nilipomgundua tuligombana.

"Mama, walio hai bado hawajashiba!"

"Nimechukua cha mtoto?"

"Hujachukua."

"Nimechukua chako?"

"Hapana, lakini..."

"Basi mdomo wangu niachie mwenyewe."

Akaichemsha. Sukari hatukuwa nayo, wala lozi, wala komamanga. Zabibu kavu chache tu, zilizosinyaa kama sura zetu. Ilipokwisha kuombewa akasimama na bakuli mlangoni mwa kanisa, akawapa watu kiganja kiganja, kila apitaye, awe jirani au mgeni, nao wanasema "Mungu amsamehe" na kutafuna. Nilikuwa nyuma yake nikitazama watu wakimwombea mume wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike nikajiona mjane mwenye heshima zake.

Getini alikuwa amewekwa askari wa Kiitaliano, mtu mzima mwenye mvi, shati limemzidi. Mama akamfikia. Kabla sijamshika shali ya begani, mkono ulishanyooka. Yule askari alivua kofia, akapokea, akafanya ishara ya msalaba kwa namna yao, akala. Nikageuka, na nani kasimama ukutani, kofia mkononi? Bwana Hallgren.

Alikuja taratibu. "Bi Marouso, unajua huyu ni nani?"

"Mpita njia."

"Ni askari."

"Askari naye ana mdomo wa kumwombea mwanangu. Na wewe mbona hujachukua? Lete mkono!"

Maskini yule Mswidi, alinyoosha mkono. Akatafuna, akasema "Mungu amsamehe" kwa lafudhi ambayo siku nyingine ingenichekesha. Halafu akamwambia Mama kwa huzuni kabisa, "Mama, mimi nikiona, sharti niandike."

"Andika," Mama akamjibu. "Na jina la mwanangu uliandike sawasawa."

Wakaandika. Bwana Hallgren aliandika taarifa yake, na Padri naye akaandika maelezo yake kwa Kigiriki, vikaenda pamoja London.

Mashua ya mwezi uliofuata haikuja. Ah, Iakovos, siku hizo sitaki kuzikumbuka. Mtaa mzima ulitugeuzia mgongo. Garifalia alisimama kwenye ngazi yake akapaza sauti wote wasikie: "Kiganja kimoja, Marouso! Wako wa kaburini ameshiba, sasa wangu ndio wamfuate?" Wanawe wawili walikuwa wameshikilia sketi yake kwa nyuma. Mama yako, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, aliingia ndani akafunga mlango. Akaketi kitandani, akaniuliza polepole, "Kalliroi, nimewaua?"

Nilikuwa nikiitazama miguu ya Anthoula, iliyokuwa imeanza kunenepa, nikiwaza itakavyorudi kuwa vijiti. Nilimchukia Mama siku hiyo, Mungu anisamehe, na nilimpenda pia.

Kisha mashua ikaja. Kengele zilipigwa, watu wakateremka mbio bandarini, wengine bila viatu. Bwana Hallgren hakubaki kusimamia magunia. Alipanda moja kwa moja mpaka kwetu, akakataa kiti, akatusimulia yale ambayo wewe, kwa kiburi chako cha unyenyekevu, hukutuandikia hata neno.

Alituambia kwamba kule London walikutana Waingereza, Wamarekani na Waswidi. Mwingereza mmoja alitaka meli izuiwe bandarini mpaka aeleweshwe. Mmarekani akasema mji hauachwi ufe njaa kwa sababu ya kiganja. Mwingereza akamjibu kwamba leo kiganja, kesho gunia. Wakakaa hapo wakivutana, na sisi huku tukingoja. Ndipo akaitwa karani wa ubalozi wetu awatafsirie yale maelezo ya Padri, naye akaanza kusoma, akafika kwenye jina la marehemu, akanyamaza. Walidhani mwandiko ni mbaya.

"Mabwana," alisema yule karani, "huyu ni kaka yangu. Sikujua kwamba amekufa."

Walitaka kuahirisha. Ukakataa, ukaendelea kusoma mpaka mwisho, halafu ukaomba ruhusa ya kusema jambo moja. Bwana Hallgren alikuwa amelishika kwa moyo: "Askari yule hakulishwa. Alipewa kazi ya kumwombea kaka yangu. Mama yangu hakumnyima adui kazi hiyo. Nanyi msimnyime yeye mkate." Yule Mwingereza, alisema Bwana Hallgren, ndiye aliyetangulia kutia sahihi meli iachiwe.

Mama alijifunika uso kwa aproni yake akalia kwa sauti. Sikujua analia kwa ajili ya mwanawe yupi.

Na leo wewe unaniambia huna uso! Uso gani unaoutafuta, shemeji? Kawia ufike, hivyo ndivyo ninavyosema mimi. Ngano ilichelewa kwa Stamatis, hilo linaniuma na litaniuma mpaka nife. Lakini haikuchelewa kwa Anthoula. Haikuchelewa kwa wale wavulana wawili wa Garifalia, ambao sasa wanapiga mpira chini ya dirisha langu nami nawafukuza kwa furaha. Mama yao alikuja na malimau kwenye kikapu, akambusu Mama mkono, wakakaa wakamenya vitunguu pamoja. Ahsante, Iakovos. Ahsante kwa kila mkate nilioukata humu ndani. Nimechelewa kulisema, lakini nalisema kwa moyo wangu wote.

Habari nyingine ni ndogondogo. Duka la pembeni la peremende za lukumi limefunguliwa tena, ingawa sukari ni ya kubahatisha, na harufu yake ikipita, mtaa mzima unanyamaza. Bomba la kiwanda cha ngozi linatoa moshi tena. Paa la chumba chako linavuja upande wa baharini, nimeweka beseni.

Padri Fanourios anakusalimu sana. Garifalia na wanawe wanakusalimu. Shangazi yako Zambeta anakusalimu na anauliza kama umeoa, nami nimemwambia asiulize mambo ya siri za serikali. Nisalimie nawe wote waliokuwa wema kwako huko, na ukimwona yule Mwingereza, msalimie pia. Mungu akulinde njiani na baharini, na Bikira akufunike kwa vazi lake.

Nilikuwa nimefika hapa Mama akaniuliza nini kinanifanya niandike kwa kukunja uso. Basi nikamsomea ile sehemu ya barua yako niliyomficha. Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. Kisha akasema niandike maneno haya kama yalivyo, nisiongeze langu:

"Mwambie habari za meli sitaki kuzisikia. Mmoja nilimtazama akifa kwa njaa. Yeye aje, nimtazame akila."

Ni mimi, shemeji yako akupendaye na kukushukuru,
Kalliroi