Mume Wangu Anataka Chumba cha Juu Melini, na Mimi Nimeshakibadilisha kwa Siri

Bi Aurelia, shikamoo. Nisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha na nina hofu, na vyote viwili vimekaa tumbo moja. Mimi ni mkulima wa korosho na ufuta hapa Lionja, Nachingwea, nina miaka hamsini na minne, nimeolewa na Bonifasi mwaka wa thelathini na moja huu, na sijawahi kulala juu ya maji hata siku moja, lakini mwezi ujao tunapanda meli ya kitalii, mimi na yeye, kutoka Dar es Salaam mpaka Shelisheli na kurudi, siku tisa, kwa sababu binti yetu Tabitha anafua mashuka kwenye meli hiyo na kampuni imempa nafasi ya kuwaalika wazazi. Nimeandika mpaka hapa nacheka peke yangu jikoni, na maharage yameungua.

Tabitha alitutumia mchoro wa meli kwenye simu, akasema tuchague chumba. Bonifasi hakufikiri hata dakika moja. Akachagua cha ghorofa ya kumi na moja, mbele kabisa, puani, chenye kibaraza, eti akikaa pale ataiona bahari kabla ya nahodha. Amenunua kofia nyeupe. Picha ya kibaraza ameshawaonyesha watu wa kanisani, mafundi wa kupulizia mikorosho, na dada yake Josephina wa Ruangwa ambaye sasa anamwita Kapteni. Juzi nimemkuta shambani ameegemea mkorosho, anapunga mkono taratibu. Nikamuuliza, "Baba Tabitha, unampungia nani?" Akasema, "Nafanya mazoezi."

Sasa siri yenyewe, Bi Aurelia. Mume wangu hawezi mwendo wa gari. Basi la kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa tu linamshinda, presha nayo anayo na vidonge anameza, lakini kwamba mwendo unamtapisha hajawahi kukubali hata mara moja. Mwaka juzi tulikwenda harusini Likunja, akang'ang'ania kiti cha nyuma kabisa kwa kuwa anapenda kunyoosha miguu, na kabla hatujafika nusu ya njia akatapikia kwenye beseni jipya tulilokuwa tunampelekea bibi harusi. Akaniambia, "Ni zile korosho za jana, zilikuwa hazijaiva." Nami nikasema ndiyo, hazikuiva, wakati nilizikaanga mwenyewe na ziliiva vizuri kabisa. Tuliliosha lile beseni kwa sabuni mara tatu tukalitoa zawadi, Mungu atusamehe.

Basi wiki iliyopita, alipokwenda shambani, nikampigia Tabitha. Nikamwambia, "Baba yako amebadili mawazo, anataka chumba cha chini kabisa." Mtoto akashangaa. "Mama, kweli baba amesema hivyo?" Nikasema, "Kweli, mwanangu." Akaniambia kilichobaki chini kabisa ni cha ghorofa ya pili, mbele, hakina dirisha. Nikasema chukua, nikakata simu, nikakaa chini kwenye kizingiti kama mwizi.

Mwisho wa kubadilisha vyumba ni Jumamosi, na Bonifasi bado anaonyesha watu picha ya kibaraza. Je, nimwambie, nimvunje moyo na ajue kwamba siku zote nilikuwa najua? Au nikae kimya ajionee mwenyewe tukishakuwa katikati ya bahari, ambako hata akikasirika hawezi kushuka?

Beatrisi, Lionja

Beatrisi, marahaba, na hongera, na pole, na aibu juu yako! Beseni lile mlilitoa zawadi kweli? Hilo nakuachia wewe, Mungu na bibi harusi.

Kabla sijaanza kuandika hapa nilisafisha vyumba vya meli kwa miaka sita, kwa hiyo nakujibu kwa niaba ya kila mtu aliyewahi kukimbia na ndoo. Mumeo amekosea, na wewe umekosea. Meli ikikutana na mawimbi, pua inapanda na kushuka, na nyuma vilevile. Panapotulia ni katikati. Kiti cha nyuma cha basi kimeshawafundisha somo hilo. Halafu kadiri unavyopanda ghorofa ndivyo unavyoyumbishwa kushoto na kulia. Tazama mti mrefu siku ya upepo: kileleni kunacheza ngoma, shina limetulia. Bonifasi alichagua kileleni na puani kwa pamoja. Wewe umemtoa kileleni, vizuri, lakini umemwacha puani, tena ndani ya chumba kisicho na dirisha, na wengi tumbo huwachafuka zaidi wasipoona nje.

Ila hilo la chumba ni dogo. Miaka yote kumfichia mumeo aibu yake, huo ni upendo, nakusifu. Kumsemea uongo kwa mtoto wake, huo si upendo, mama. Na kusubiri ajionee mwenyewe baharini ni ukatili, hata kama unauwazia huku unacheka.

Kwa kuwa Jumamosi ingefika kabla ya gazeti, nilikupigia simu, na wasomaji wanastahili kujua kilichotokea. Nilikuamuru umwite mumeo papo hapo bila kukata simu. Ukamwita. Nikakusikia: "Baba Tabitha, nimebadilisha chumba. Wewe unatapika. Hata siku ya beseni, hazikuwa korosho."

Nilisikia kuku tu.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu basi la kwanza, tulipotoka kufunga ndoa."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote."

Nilidhani patachimbika. Badala yake nikasikia mtu mzima anacheka mpaka anakohoa, kisha akaichukua simu. "Mama, mimi Bonifasi. Hiyo safari naiogopa mpaka ugali haupiti kooni. Lakini ningemwambia nani, na watu wote nimeshawatangazia?" Nawe nyuma yake ukasema, "Ungeniambia mimi." Hapo mkaanza kucheka wote wawili, mkanisahau hewani.

Mlipoikumbuka simu niliwaambia hivi, na narudia hapa kwa faida ya wasomaji. Leo hii mpigieni Tabitha mkiwa pamoja, na wewe Beatrisi uanze kwa kumwomba radhi. Mwombeni chumba cha ghorofa ya tatu au ya nne, katikati ya meli, chenye dirisha hata kama ni dogo na halifunguki. Kikikosekana cha dirisha, chukueni kisicho na dirisha, mradi kiwe katikati. Kibaraza msikililie, sitaha ya juu ni ya abiria wote, bahari ikitulia pandeni mkapunge mikono mpaka ichoke. Bonifasi aende zahanati aulize dawa ya kichefuchefu inayopatana na vidonge vyake vya presha, asipewe na jirani, na aimeze kabla mawimbi hayajaanza. Bebeni tangawizi na biskuti kavu. Akianza kusokotwa na tumbo aweke simu chini, atazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu.

Na vitanda vikiwa viwili, kile cha karibu na choo alalie mumeo. Usimsimange, usimcheke. Mpe tu kitanda hicho.