Mama, Ungemwona Bi Sarafina Alhamisi

Mama,

Ungemwona Bi Sarafina Alhamisi iliyopita, ungeweka kikapu chini. Nimeanza na habari zake hata kabla ya salamu, na najua ungenigombeza kwa hilo, lakini pia najua ungetaka nianze na hizo hizo.

Haya, nikusalimu. Ejok, Mama. Mimi ni mzima. Mvua imenyesha mara mbili tu tangu utuache, na ile ya pili ikabomoa choo cha Mama Ciku. Nyumbani kwetu Lodwar anakaa mama mdogo. Mimi nimehamia Kakuma, nimepanga chumba karibu na barabara, na nimepata kazi ya ukalimani katika zahanati. Yaani sasa nalipwa kwa kazi uliyonifanyisha bure utoto wangu wote.

Maana ndiyo kazi niliyokuwa nayo kila jioni saa moja unusu, nyuma ya duka la Mama Ciku, pale alipoiweka televisheni kati ya magunia ya mahindi na mitungi ya gesi. Kiswahili chako kilikuwa cha kuuzia vikapu, kikiisha mara tu mnunuzi anapoondoka. Mchezo wa Bi Sarafina ukianza nilikaa mkekani nyuma ya bega lako nikikutafsiria Kiturkana, mstari kwa mstari, nawe ukisuka majani yako ya mkoma bila hata kuyatazama.

Nilikuwa mtafsiri mwizi, tuseme ukweli. Nikichoka nilikata. Nikiwa na mtihani kesho yake nilifupisha. Matusi ya Bi Sarafina kwa mke wa mwanawe nilikuwa nayatia sukari, maana niliona haya kuyatamka mbele yako. Unakumbuka ile siku alimfokea yule msichana dakika nzima, mishipa ya shingo imemsimama, nami nikakwambia, "Anasema sawa"? Ulinigeukia pole pole. "Maneno yote hayo ni sawa?" Mama Ciku alicheka mpaka akashikilia gunia. "Huyu msichana wako anakupimia nusu kilo kila siku, na wewe unaenda tu nyumbani!"

Wanawake wote pale walimchukia Bi Sarafina. Walimsengenya sokoni utadhani anaishi mtaa wa pili. Wewe ulimpenda, na hukupenda ubaya wake, ulipenda kazi yake. Wale waigizaji warembo wakilia ulikuwa unaguna: "Huyu anafunika uso tusione kwamba hakuna machozi." Lakini Bi Sarafina akitokea, vidole vyako vilikuwa vinasimama kwenye kikapu. "Huyu hata usiponitafsiria namsikia," ulikuwa unasema. Mimi nilifuata mdomo wake, wewe ulifuata uso, na mara nyingi ulijua kabla yangu.

Sasa Mama, kabla sijakueleza alichofanya Alhamisi, kuna jambo lazima nilitoe. Nimelizunguka miezi na miezi.

Siku ile hospitalini, daktari alipoleta majibu yako, aliniomba nikutafsirie. Alikuwa kijana kutoka Kisii, Kiturkana hakijui. Alichosema ni kwamba hutapona. Nikakugeukia nikakwambia, "Anasema ni vidonda vya tumbo. Twende nyumbani unywe dawa, utapata nafuu." Ulimtazama daktari. Ukanitazama mimi. Ukasema, "Ejok," kwamba ni sawa, kisha ukaniuliza kama nimekula.

Uliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Tangu tukuzike, hilo ndilo linalonitafuna. Nimeamini kwamba ulikufa hujui unakufa, na kwamba ni mimi mwanao niliyekufunga macho.

Basi, Alhamisi. Nilikuwa kwa Mama Furaha, Mkongomani anayesuka nywele hapa Kakuma, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, na televisheni yake iko juu ya friji. Bi Sarafina siku hizi anaumwa. Ndiyo, yeye na ukali wake wote, amelala kitandani amevaa kitambaa kichwani. Mwanawe akaingia kutoka kwa daktari, akakaa kando ya kitanda, akamwambia, "Ni presha tu, Mama. Utapona." Sisi watazamaji tulikuwa tumeshaona kwamba si presha.

Ningependa uone alivyofanya Bi Sarafina. Hakumtazama usoni mara moja. Alianza na viatu vya mwanawe, vimejaa vumbi, vya mtu aliyezunguka mjini akitafuta ujasiri wa kurudi nyumbani. Akapanda na macho mpaka mikononi, halafu usoni. Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo, likakwama, akalimaliza kwa nguvu. Kisha akasema, "Haya basi, nitapona," kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mama anayesema chumvi imetosha. Mwanawe alipotoka, kamera ikabaki naye. Mwingine yeyote angejiliza hapo. Yeye alinyoosha tu blanketi pale kijana alipokuwa amekaa, akaiacha mikono yake hapo hapo.

Mama Furaha alisimama na kitana hewani. "Ule mama anajua, dada," akasema. "Anajua yote. Iko anamusikilia tu mutoto wake huruma."

Mama, nilitoka nje na nusu kichwa changu.

Kwa sababu uso ule nilishawahi kuuona. Niliuona hospitalini, nikawa nimeshughulika na maneno yangu mwenyewe. Siku mbili baadaye ulitaka mama mdogo aitwe kutoka Kaaleng, eti umemkumbuka tu. Alipofika ukavua shanga zako zote ukampa, eti joto limezidi, zinakubana shingo. Mwanamke wa Kiturkana avue shanga kwa sababu ya joto! Lodwar kuna joto tangu siku uliyozaliwa. Nami nikakubali, nikakupepea na kipande cha boksi.

Bi Sarafina ana taa, ana kamera, na akikosea wanamwambia arudie. Wewe ulikuwa na mimi peke yangu mbele yako, ukaigiza siku kumi na tisa bila kukosea hata mara moja.

Nililia pale nje kwa nafuu, Mama, nisikufiche. Sikukufunga macho. Lakini nilipofika chumbani nikalia mara ya pili, na hicho kilikuwa kilio kibaya zaidi. Kama ulijua, basi ulikuwa peke yako na jambo hilo, usiku na mchana, huku ukinisaidia mimi nijifanye. Tulikaa chumba kimoja siku zote hizo, na hatukuagana.

Leo zahanatini msichana mmoja alinivuta mkono kwenye korido. Mama yake ana majibu mabaya, na kesho mimi ndiye nitakayetafsiri. "Dada, tafadhali, usimwambie," alisema. Nilijiona mwenyewe mzima mzima, nilivyokuwa siku ile. Sikumkaripia. Nilimwomba aje kesho mapema, kabla ya daktari, nimwambie habari zako. Nakuahidi, Mama, sitampimia mama yake nusu kilo. Nitasema yote, kwa Kiturkana kizuri, na nitakaa naye hapo mpaka atakaponiruhusu niondoke.

Lakini siwezi kumfanyia mama wa mtu kabla sijakufanyia wewe. Kwa hiyo nisikilize. Daktari alisema hivi, neno kwa neno: "Mwambie mama kwamba ugonjwa umeshaenea na hatuna dawa ya kuuondoa. Mwambie tutampa za kutuliza maumivu. Mwambie awaite watu wake anaotaka kuwaona. Na mwambie pole, kutoka kwangu."

Ndiyo yote. Sasa umeambiwa, na mimi niko hapa karibu nawe, na unaweza kuacha kujifanya.

Kwaheri, Mama yangu.

Mwanao,
Akiru