Kipepeo Buluu kwenye Majani ya Ng'ombe

Machi 3

Mdogo wangu,

Mimi mzima, ng'ombe nao wazima. Wewe je, kazi ya chuo haijakukondesha?

Rafiki yako amefika, eti anatafuta kipepeo. Mtu na shahada zake anatambaa kwa magoti kwenye majani ya ng'ombe wangu, kamba na vigingi mkononi! Kinachopimwa kwa kamba ni kiwanja. Kama mnauza eneo la marehemu baba, niambie. Vigingi nimeving'oa, nimechemshia chai.

Dada yako

Machi 12

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na ugeni. Hakuna anayeuza. Zile kamba zinagawa eneo ili asimhesabu kipepeo mmoja mara mbili.

Mtazame akitua na kukunja mabawa. Juu ni buluu, chini kijivu chenye madoa meusi, na nyuma ana vimkia vyembamba kama uzi. Hutaga kwenye vichipukizi vya kunde mwitu zinazoota humo. Kiwavi wake hutoa majimaji matamu mgongoni. Sisimizi huyanywa, nao humlinda. Kisha kiwavi hujifungia ndani ya ganda, chini kwenye mashina ya majani, hadi atoke na mabawa. Ukifyeka majani sasa, umewamaliza. Subiri kidogo.

Na wewe, u mzima kweli?

Mdogo wako

Machi 21

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisimizi wamlinde kiwavi badala ya kumla? Kawadanganye watoto. Na rafiki yako anamuuliza jirani kama ninakula, kama ninalala. Chakula changu na vipepeo wapi na wapi? Kesho nafyeka.

Dada yako

Aprili 9

Mdogo wangu,

Singoji jibu lako, nikueleze.

Sikufyeka. Nilichuchumaa na panga langu, nikamwona: kiwavi wa kijani, sisimizi wanampapasa kama mimi ninavyokamua. Nikacheka peke yangu. Kuinuka sasa, goti likagoma. Rafiki yako ndiye aliyeniinua.

Nikambana: "Sema, nani kakutuma?"

"Kwa vipepeo, chuo. Kwako, mdogo wako. Kila barua unamwandikia u mzima, naye haamini."

Kumbe tulikuwa tunachunguzana! Goti limevimba muda mrefu; niliogopa utaacha kazi uje kuniuguza. Jana rafiki yako alinipeleka kwa daktari. Nimepewa dawa, na nimekatazwa kuinama.

Leo asubuhi kipepeo mmoja ametoka kwenye ganda, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Tulimngoja mpaka yakanyooka, akaruka.

Ng'ombe wanakula majani ya jirani kwa sasa. Vipepeo wakishatoka wote, njoo ufyeke wewe. Na usiniambie huna likizo. Rafiki yako nimemuuliza, amesema unayo.

Dada yako