Seli za Mwenzangu Zina Njaa

Mshauri wetu wa redio, shikamoo. Nisaidie kabla sijaharibu, maana nina donge la wivu na halimezeki. Mimi na mwenzangu tumesoma pamoja hadi shahada ya uzamivu, meza ya maabara moja, shida zake zangu, na mwaka huu tuliomba nafasi ileile ya utafiti kwa profesa wa saratani huko ng'ambo, nafasi ambayo kila mhitimu wa fani yetu anaililia, naye kaipata, mimi nikajibiwa mistari miwili ya asante, na tangu hapo akicheka naona ananicheka mimi, na mama yangu mzazi ananiuliza, "Mwenzio anaondoka, wewe je?" Sasa kaenda kushughulikia viza, kaniachia seli zake hai anazozikuza maabara nizilishe, ndizo atakazozifanyia kazi huko, na za akiba ziliharibika umeme ulipokatika. Jana nilitakiwa kuzibadilishia chakula, sikubadilisha. Leo nimefungua kabati la joto nikakuta maji ya pinki yaliyo chakula chake yamegeuka njano, yaani zina njaa, nikafunga mlango. Zikifa hana cha kwenda nacho, na huenda nafasi ikarudi kwangu. Tena hajanizidi kitu, alinisihi tusomeane maombi, yake nikamrekebishia, yangu nikayaficha asiniibie mawazo, na kosa langu ni moja tu, barua nilikuwa natuma hiyohiyo kila mahali nikibadilisha jina la juu, kumbe profesa wa saratani nimemwandikia kwamba ndoto yangu ni kuitokomeza malaria. Nifanyeje?

Mwenye Donge

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako umeingia sasa hivi na nausoma hewani sasa hivi, kwa sababu mwenye njaa hasubiri. Vaa koti lako jeupe uende maabara. Mengine nisikilize ukiwa njiani.

Pole. Kuachwa na uliyeanza naye kunauma, na mama akiuliza kunauma zaidi. Wivu hata mimi ninao, ila sijawahi kuwafungia mlango viumbe hai. Unadhani zikifa profesa atamkumbuka nani? Wewe wa malaria? Acha kujidanganya. Mwenzako hakukupiku. Barua yako ilikosa msomaji, na msomaji ulikuwa naye meza moja, ukamwona mwizi. Yeye kakukabidhi kila alichonacho na akaenda zake bila wasiwasi.

Ukimaliza kuzilisha, mpigie. Mwambie zilicheleweshewa chakula siku moja na kwamba ni wewe uliyefanya hivyo, asije akapata majibu ya ajabu huko akajilaumu bure. Atakasirika, na ana haki. Mwache aseme mpaka amalize.

Kisha tafuta nafasi nyingine, andika barua mpya kabisa, umpelekee aisome. Utaona aibu kumwomba. Mwombe hivyohivyo, angali hajapanda ndege.