Kitambaa cha Buluu na Bwana Radi

Jumamosi, 5 Machi 1955
Leo sinema! Gari la serikali limerudi hapa Karurumo. Kwa sababu ya kafyu wameonyesha mchana, darasani kwangu, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Kwanza picha ya kuchimba choo — miayo tu. Halafu Bwana Radi, yule risasi zikimgonga zinaanguka chini. Alipotokea amefunika uso, macho tu yanaonekana, akina mama wakapiga nduru: gakunia! Jirani yangu Phyllis akaruka benchi. Hata mimi nilishtuka, maana gakunia wa kweli tunamjua: mtu kafunikwa gunia, matundu mawili ya macho, akikutazama na kutikisa kichwa unapandishwa lori. Baadaye tulicheka. Si sana.

Picha imeisha vibaya. Maadui wamemfunga mama yake Bwana Radi, wanataka jina la rafiki yake. Bwana Radi akanyamaza. Mama akafa. Nimelia mpaka nikaona aibu.

Jumapili, 6 Machi
Baada ya kanisa, ubishi! Ndugu yangu Gitari anasema Bwana Radi amekomaa. Ati picha ya kwanza alikuwa mtu wa hasira, kupiga tu. Sasa amejifunza kubeba uchungu na kufunga mdomo. Mbae, rafiki yake tangu utotoni, akawaka. Kukomaa gani huko? Nguvu zote hizo, na mama anakufa kwa ajili ya jina! Mbae hana ndugu wala baba, ana mama yake tu, Karambu. Mimi nikamuunga mkono, hata nikapiga makofi: mama ni mama, Mbae, wewe sema tu! Gitari akaniita msaliti, akicheka.

Kumbe Kithaka, yule homgadi, mlinzi wa serikali hapa kijijini, alikuwa amesimama nyuma yetu. Akamuuliza Gitari, kwa upole kabisa, kama yeye pia angenyamaza. Tukatawanyika.

Jumatano, 9 Machi
Kazi ya lazima tena, kuchimba handaki la kuzunguka kijiji. Hao wawili bado na Bwana Radi wao. Mbae akibishana, jembe likampiga kidole gumba. Damu! Nimerarua pindo la sketi yangu ya buluu nikamfunga. Akaninong'oneza: Mukami, si angeweza kusema jina, halafu akimbie kumwokoa rafiki baadaye? Nikamwambia angeweza, ana mbio.

Alhamisi, 10 Machi
Homgadi wamemchukua mama Karambu, mtungi wa maji ukiwa bado mgongoni. Mbae amewafuata hadi posti, kituo chao. Hajarudi.

Siwezi kula. Desemba Gitari aliwapelekea wapiganaji unga msituni. Tunaojua ni watatu: yeye, mimi na Mbae. Mungu wangu, nimeyaandika haya! Ukurasa huu nitauchoma kesho.

Ijumaa, 11 Machi
Niko darasani. Watoto wananakili herufi, nami naandika ili nionekane nina kazi. Uwanjani wanaume wote wamepangwa mstari. Gakunia ameletwa. Wamemkalisha kwenye kiti changu, kile cha mwalimu. Gunia limemfika magotini. Ametikisa kichwa mara mbili — watu wawili, lorini.

Mama Karambu yuko kando ya lori. Mzima. Mikono bado imefungwa.

Gakunia ametoa mkono kukuna goti. Kidole gumba. Kitambaa cha buluu.

Sketi yenyewe nimeivaa!

Naogopa, naogopa hata kukohoa. Nikipiga kelele, Kithaka yuko hapa mlangoni. Gitari hajaona kitu, anamtania mzee Marete aliye mbele yake. Mbae, nilikwambia useme tu. Nilikupigia makofi! Ilikuwa sinema, Mbae.

Mtoto mmoja ananiuliza mwalimu unaandika nini. Nimemwambia anyamaze.

Mzee Marete amepita. Gunia halikutikisika. Gitari amevua kofia, amesogea mbele. Sasa amekiona kitambaa. Anakitazama. Kithaka anamuuliza kwa sauti, wewe, unamjua huyu wa gunia?

Gitari amenyamaza.