Aliyejiita Kimani kwenye Simu

Mukurweini, Alhamisi, Julai 1997

Baridi ya leo haina adabu. Ukungu ulikalia migomba mpaka saa tano, na asubuhi vidole vyangu vilikataa hata kutunga uzi kwenye sindano. Lakini sasa nimekaa karibu na jiko, miguu imepata joto, na mbavu zinaniuma kwa kucheka. Nikiacha kucheka nitalia, kwa hivyo wacha nicheke.

Leo nusura niibiwe ng'ombe kwa simu.

Ndiyo, kwa simu. Hakuna panga, hakuna kuvunja zizi. Mtu alikaa mahali akanong'ona kwenye waya, na mimi, mwanamke mzima mwenye meno yote kinywani, nikawa nakubali.

Dukani kwangu kuna cherehani moja na simu moja, na simu ndiyo inayoleta watu. Kwenye safu yetu ya maduka hakuna nyingine. Mtu akitaka kuongea na mwanawe aliye mbali anakuja kungoja kwenye benchi yangu, na akingoja anaongea. Habari zote za Mukurweini hupita hapo. Ninapenda sana. Shida ni kwamba na zangu pia hupita. Jumatatu mume wangu, Baba Wambui, alipokwenda Nyeri kwa mkutano wa wanaume wa kanisa, niliitangazia benchi nzima kwamba nitalala katikati ya kitanda mpaka Alhamisi. Walicheka mpaka wakapigana makofi mgongoni.

Mdomo uliponza kichwa.

Jumanne simu ikaanza wazimu. Inalia, nainua, kimya. Inalia tena, mtu anauliza kama hapo ni kwa daktari wa mifugo. Jana mwanamume mmoja mpole, mwenye sauti ya mzee wa kanisa, akaniuliza kama Baba Wambui yuko nyumbani. Nikamjibu kwa raha zangu: hayuko, atarudi kesho jioni. Nilidhani waya zimelowa ukungu, ndiyo maana simu zinapotea njia. Hazikuwa zimepotea. Zilikuwa zinachungulia.

Leo asubuhi nilikuwa nakata kola ya sare ya shule simu ilipolia. Sauti ya mwanamume, ina mafua, inahema.

"Tata? Tata, ni mimi. Kwani hata sauti yangu huijui?"

Tata ni shangazi, na mwanamume mzima wa kuniita hivyo ni mmoja tu: Kimani, kifungua mimba wa kaka yangu, anayefanya kazi kwenye kinu cha mpunga kule Wang'uru.

"Ni wewe, Kimani?"

"Eeh, ni mimi Kimani!"

Unaona nilichofanya? Alikuja bila jina, nikampa. Nilimvika mwenyewe, nikamfunga hadi kifungo cha mwisho, kama mteja.

Basi akaanza. Ati yuko Nyeri hospitalini. Ati mjomba ameanguka kwenye ngazi, amelazwa, hawezi kuongea sana. Lakini ameweza kusema kitu kimoja: Desi auzwe leo leo. Watu wa kumchukua wako njiani na pikapu, wapewe tu kamba. Nisiende nyumbani, nikae dukani karibu na simu. Nisimwambie mtu yeyote, watu wasije wakamshtua Cucu, mama mkwe wangu. Na haraka, Tata, haraka.

Desi ni ng'ombe wetu. Maziwa yake ndiyo yanayomweka Wambui katika shule ya bweni, na sasa ana mimba, atazaa mwezi ujao. Ukituondolea Desi umemrudisha Wambui nyumbani.

Lakini nitasema ukweli, maana hapa naandika peke yangu. Wakati ule sikumfikiria Desi hata kidogo. Nilimfikiria Baba Wambui na goti lake bovu, amelala kwenye kitanda cha chuma bila mtu wa kumgeuza mto. Nililia. Nikasema sawa, waje, wachukue.

Halafu neno moja likaanza kunikera, kama unywele ulioingia kwenye kola.

Tata.

Kimani alizaliwa wa kwanza, kwa hivyo alipewa jina la baba wa baba yake, yaani baba yangu mimi. Kwetu hilo si jina tu. Kimani ni baba yangu. Tangu akiwa kwenye nepi namwita Baba, na tangu ajue kusema yeye huniita msichana wangu. Akiwa na miaka mitatu, kamasi hadi mdomoni, alikuwa akinigombeza mbele ya wageni: "Msichana wangu, mbona hukuniletea ndizi?" Na siku tuliyomzika baba yangu, huyu mtoto alikuja akanishika kidole, akaniambia, "Msichana wangu, nyamaza. Si niko hapa?" Nikanyamaza.

Huyo ndiye Kimani. Hajawahi kuniita tata hata siku moja.

Nikapangusa pua kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Kimani," nikauliza pole pole, "hebu niambie, mimi ni nani wako?"

"Si wewe ni tata yangu?"

"Fikiria vizuri."

"Tata, mzee ni mgonjwa na wewe unaniletea vitendawili!" Mafua yalikuwa yamepona ghafla.

Hapo akili ikarudi mbio, hata ikaniletea jambo jingine. Hapa kwetu simu ya mbali haiji peke yake. Lazima itanguliwe na dada wa posta: "Subiri nikuunganishe na Nyeri." Hii ilikuja moja kwa moja, safi, kama simu ya mtu wa ng'ambo ya barabara. Mtu huyu hakuwa Nyeri. Alikuwa hapa hapa, labda hata benchi yangu inayajua makalio yake. Nikaweka simu chini kwa nguvu, mkasi ukaruka mezani.

Woi, na nyumbani kuna Cucu peke yake! Mama mkwe wangu akisikia mtu amelitaja jina la mwanawe, anaamini kila kitu kinachofuata. Na nyumbani hakuna simu.

Nilitoka mbio na tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Nikampigia kelele Baba Muthoni, mwenye bucha mkabala na duka: "Wezi! Wamekuja kumchukua Desi!" Akatoka kama alivyokuwa, koti jeupe limejaa damu, kisu kikubwa mkononi. Tuliteremka kati ya mibuni, mimi nikiteleza kwenye tope, yeye akihema nyuma yangu.

"Desi ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Ni ng'ombe!"

"Ngai! Si ungesema!" Na akaongeza mwendo.

Nitakumbuka nilichokiona mpaka nizeeke. Pikapu nyeupe imeegeshwa langoni, ubao wa kupandishia umeshawekwa, Desi ana kamba mpya shingoni anatafuna kwa amani. Na wanaume wawili wameketi kwenye vigoda, kila mmoja na bakuli la githeri, mahindi na maharagwe, mapajani. Cucu amesimama mbele yao na mwiko, kama mwalimu wa zamu.

Kumbe walipofika, Cucu aliwaamini kabisa. Ng'ombe chukueni, aliwaambia, kama mwanangu amesema. Lakini kwangu hakuna mtu anayetoka na mnyama mdomo ukiwa mkavu. Walisema wana haraka. Akawauliza kama ni mwanawe aliyewafundisha kukataa chakula cha mama yake. Sasa mtu aliyejidai katumwa na mwana atajibu nini? Wakakaa. Na kuni zilikuwa zimelowa ukungu, moto ukasumbua kuwaka, na Cucu hana tabia ya kumpa mgeni githeri baridi.

Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Sidhani waliwaza wageni wa namna hii, lakini mwenyeji alipona.

Yule wa kwanza aliinua macho, akamwona Baba Muthoni na lile koti na kile kisu. Mahindi yalimwagika hadi kwenye viatu vyake. Hawakuaga. Ubao walisahau, kamba walisahau, pikapu ikapanda kilima kile na mlango wa nyuma ukipiga makofi. Baba Muthoni aliwakimbiza mpaka kwenye kona, akarudi amejishika kiuno, akamsalimia Desi kwa heshima zote.

Cucu aliangalia mabakuli. "Na hata hawajamaliza," akasema, amekasirika kweli.

Nilipomweleza, aliketi chini polepole. Hakuuliza juu ya ng'ombe. "Kwa hivyo mwanangu ni mzima?"

Nikamwambia tungoje jioni. Nilijua yule mtu ni mwongo, lakini goti la Baba Wambui ni bovu kweli, na ngazi ziko Nyeri kweli. Hayo masaa yalikuwa marefu, sikucheka hata mara moja. Alasiri tukamwona anateremka kati ya mibuni, kofia ya kanisa kichwani, mkate kwapani, anachechemea vile vile anavyochechemea siku zote. Nilimkumbatia mbele ya mama yake. Haifanywi hivyo kwetu, lakini Cucu mwenyewe aligeuka akajifanya anatafuta kuku.

"Kwani nimekufa?" akauliza mume wangu.

Ati ng'ombe wa maskini hazai. Wangu atazaa mwezi ujao, wapende wasipende, tena akiwa amefungwa kwa kamba yao. Ni kamba nzuri sana.

Na mimi nimejiwekea sheria. Kuanzia leo anayenipigia atajitaja mwenyewe, simwazimi mtu jina. Akisema haraka, nitakwenda pole. Akisema nisimwambie mtu, nitaiambia benchi nzima. Na mume wangu akisafiri, kitanda changu ni siri yangu.

Baadaye nilirudi dukani, na kabla ya kufunga nilimwomba dada wa posta aniunganishe na kinu kule Wang'uru. "Subiri," akasema, na sijawahi kuipenda sauti yake kama leo. Wakamwita Kimani. Nilisikia mashine zikiunguruma, halafu mlango ukafungwa. Nilikuwa nimejipanga kumsimulia yote kwa kicheko, kuanzia vigoda mpaka kisu. Nikashika ile simu, nikangoja yeye aanze.

"Msichana wangu," akasema. "Kuna baridi huko? Umekula?"

Nikalia tena. Wakati huu machozi yalikuwa ya Kimani wa kweli.

"Nimekula, Baba," nikamwambia.